Mashine ya Kukausha Nguo Isiyotoa Joto: Tusimzibe Mlinzi Mdomo



Hapa kwetu New Site, Juba, wakati wa kiangazi hakuna anayewaza mashine ya kukausha nguo. Shuka ikianikwa asubuhi, adhuhuri imeshakauka. Lakini mvua zikianza, takriban mwezi wa nne hadi wa kumi, sare za shule, kanzu za Ijumaa na nepi za watoto hukaa kambani siku mbili na bado zina unyevu. Nguo mbichi iliyo kivulini ndiyo inzi wa embe anayoipenda kwa kutaga mayai, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto na kufanya jipu. Ndiyo maana mama zetu hupiga pasi hata nepi. Kwa hiyo joto la kukaushia si anasa kwa mwenye mtoto mchanga.

Kwa sababu hiyo familia kadhaa za mtaani kwetu tulichanga tukanunua mashine ya gesi iliyokwisha tumika Marekani. Tuliona ina nafuu: umeme wa jenereta huzungusha pipa na feni tu, na joto linatoka kwenye mtungi wa gesi. Baada ya miezi miwili joto likakatika. Pipa linazunguka, upepo unavuma, nguo zinatoka baridi na mbichi.

Tukamwita fundi. Akakuta fyuzi ya joto imekatika, akaiunga kwa kipande cha waya. Joto likarudi, tukamlipa na kumshukuru. Siku ya nne tukasikia harufu ya kuungua. Vumbi la nyuzi za nguo lililojaa nyuma ya pipa lilikuwa linafuka moshi, na watoto wamelala chumba cha pili. Tulifunga gesi, tukazima jenereta, tukamwaga mchanga. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia.

Hatumlaumu fundi peke yake. Sisi ndio tuliomharakisha, na sisi ndio tuliotaka bei rahisi. Lakini tumejifunza jambo moja ambalo tunapenda kila nyumba ilifahamu: mashine isiyotoa joto mara nyingi haijafa, inajikinga. Fyuzi ile ni mlinzi. Imewekwa ikatike pale joto linapozidi, na joto huzidi hasa pale hewa inaposhindwa kupita. Kuiunga kwa waya ni kumziba mlinzi mdomo na kumwacha mwizi ndani.

Basi tuanzie wapi? Tuanze na yasiyo na gharama. Je, mashine imewekwa kwenye upepo wa baridi badala ya joto? Je, mtungi una gesi na vali yake iko wazi? Mashine ya nyumbani ya aina hii hula karibu nusu kilo ya gesi kwa kila saa ambayo moto unawaka, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unaotumika pia jikoni huisha upesi kuliko tunavyodhani. Hata kabla ya kuisha, mtungi mdogo hupoa na kutoa jasho, nguvu ya gesi ikapungua, na moto ukawa dhaifu.

Pili, hewa. Chujio la vumbi lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja wa nguo. Bomba la kutolea hewa liwe la bati, fupi, lenye kona chache, na litoke nje ya nyumba. La kwetu lilikuwa na kona tatu na limejaa nyuzi kama pamba ya mto. Ukiweka mkono nje mashine inapofanya kazi, upepo uwe na nguvu. Ukiwa hafifu, ugonjwa umeupata.

Tatu, tutazame kiwashio, kama mashine ina tundu la kuchungulia. Kisipowaka chekundu kabisa, huenda kimevunjika, au fyuzi au kidhibiti joto kimekata umeme. Kikiwaka kisha kikazima bila moto kutokea, gesi haifiki au koili za vali zimechoka. Moto ukiwaka vizuri mara ya kwanza kisha usirudi wakati pipa bado linazunguka, koili hizo mara nyingi ndizo zinazoshindwa zikipata joto. Hapa ndipo mahali pa fundi anayejua gesi, si pa kubahatisha.

Yapo mambo mawili zaidi kwa mashine zinazotoka Marekani. Nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa gesi asilia ya bomba. Gesi yetu ya mtungi ina nguvu zaidi, na inahitaji tundu dogo zaidi la kupitishia gesi pamoja na marekebisho ya vali. Bila hayo moto huwa mkubwa na wa manjano, hutoa masizi na hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ambayo haina harufu. La pili ni umeme. Transfoma hushusha volti 230 kuwa 120, lakini haibadilishi mizunguko ya umeme. Mota iliyotengenezwa kwa mizunguko 60 kwa sekunde huzunguka polepole kwa mizunguko yetu 50, karibu sehemu tano kwa sita za mwendo wake. Feni nayo hupungua. Kwa hiyo bomba lililoziba kidogo tu, huku kwetu huwa limeziba sana.

Wapo watakaosema kuwa fyuzi halisi haipatikani kirahisi, na waya upo bure. Ni kweli, ya kwetu tuliisubiri wiki tatu. Wiki hizo tulianika nguo barazani, tukapiga pasi kila kitu, na mkaa ulitugharimu. Lakini gharama hiyo tunaijua kiasi chake. Gharama ya nyumba kuungua usiku hakuna anayeijua mpaka ifike.

Ushauri wetu kwa wazazi: mkinunua mashine, ulizeni kwanza imepangwa kwa gesi gani. Fundi akimaliza kazi, aonyeshe kifaa cha zamani na aeleze kwa nini kilikatika. Asipoweza kueleza sababu, kazi haijaisha. Viungo vya mpira wa gesi vipimwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa kiberiti. Mkinusa gesi, fungeni mtungi, fungueni milango na msiguse swichi, kwani gesi hii ni nzito na hutulia sakafuni, wanapocheza watoto.

Nanyi wanafunzi mnaosomea umeme na ufundi, mitaa yetu inawahitaji mafundi wanaotafuta sababu kabla ya kutafuta waya.

Mashine yetu sasa inafanya kazi. Bomba limefupishwa, tundu la gesi limebadilishwa, fyuzi ni mpya, na nguo hukauka chini ya saa moja. Kile kipande cha waya tumekipigilia msumari ukutani juu ya mashine, ili kila anayekuja kufua aulize ni cha nini.