KISIKI KINGALI HAI



Mara nyingi twasikia wazee wakinung'unika kwamba vijana hawajali mazingira, wao ni kukata kuni na kuchoma mkaa tu. Kabla ya kuwahukumu, yatupasa kujiuliza: ni kitu gani humsukuma kijana kubuni njia mpya ya kuitunza ardhi?

Historia ya mkoa wetu yatufundisha. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO), na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwa amri katika maeneo ya Kondoa yaliyoliwa na mmomonyoko. Uoto ulirudi, lakini wenye mifugo ndio waliobeba mzigo, na amri haimfanyi mtu kuwa mbunifu.

Tangu mwaka 2018 shirika la LEAD Foundation, pamoja na Justdiggit, limeeneza mkoani mwetu njia ya Kisiki Hai. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu katika kisiki, hupogoa mengine, huyatia alama aliyoyaacha na kuyalinda. Kwa kuwa mizizi imo tayari ardhini, mti hukua upesi kuliko mche mpya. Kijana yeyote wa Zuzu mwenye panga na subira aweza kazi hiyo.

Basi kikwazo ni nini? Ni haki. Vijana wengi hulima shamba la baba au la kuazima. Tena, tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, mashamba ya pembezoni mwa mji yanatazamwa kama viwanja. Nani atalinda chipukizi miaka mitano, akijua shamba laweza kuuzwa kesho bila yeye kuulizwa? Anayekata leo kwa kuhofia kesho si mvivu, amepiga hesabu.

Kwa hiyo twawasihi wazazi: wapimieni vijana wenu sehemu yao, wa kike kwa wa kiume, kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Jumuiya Ndogo Ndogo zisaidie familia kushauriana kabla ya kuuza. Halmashauri za Walei ziwakabidhi vijana sehemu ya ardhi ya Kanisa, na mapato yake yawe yao.

Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Naye nabii Isaya aliona chipukizi likitoka katika shina la Yese lililokwisha kukatwa. Visiki vya Zuzu vingali hai. Tusiwanyime vijana wetu udongo wa kuvitunzia.