Baridi nayo inafundishwa: jamaa zinazolala nje Kavumu zisiachwe zijifunze kwa kufiwa

Watu wa mbali wakisikia jina la Kongo hufikiria joto. Mkaaji wa Kavumu anajua vingine. Uwanja wa ndege wa Kavumu uko zaidi ya mita 1 700 juu ya bahari, na mlima Kahuzi, upande wa magharibi, unafika mita 3 308. Jua likizama, ubaridi unashuka mashambani. Mwenye nyumba anaongeza blanketi na kulala. Kwa mama aliye chini ya turubai na mtoto mchanga, huo ni usiku wa kuhesabu saa.

Vita vilifika Kavumu tarehe 14 Februari 2025, wakati wa mvua. Jamaa nyingi za Kabare ziliacha nyumba. Makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka mto Ruzizi hadi Burundi, na wengi walilala nje katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Misaada ikifika, ni turubai, blanketi, sufuria. Vyote ni vya lazima. Lakini ni mara ngapi pamoja na turubai imetolewa hata saa moja ya kufundisha namna ya kupita usiku wa baridi chini yake?

Kuna mahali ambapo watu hawaachwi kwenda kulala nje bila somo. Ni Antaktika, bara la barafu la ncha ya kusini ya dunia. Katika kituo cha Wamarekani cha McMurdo na kile cha New Zealand cha Scott Base, kwa miaka mingi wataalamu wanaokwenda kazi za nje wamepitishwa kwanza katika mafunzo. Daktari wa vitabu na fundi wa mitambo wote wamewahi kupelekwa kwenye theluji. Walisimamisha hema, walijenga ukuta wa kuzuia upepo, waliwasha jiko, waliita kituo kwa redio, halafu walilala hukohuko. Kulikuwa hata na zoezi la kuvaa ndoo kichwani na kumtafuta mwenzao kwa kamba, ili wajue tufani ya theluji inavyompofusha mtu.

Watu hao wana nguo nzito, chakula cha kutosha na ndege ya kuwarudisha. Hata hivyo hawaachwi wabahatishe. Mama wa Kavumu, mwenye kitenge kimoja na watoto wanne, ndiye anayeachwa abahatishe. Hapo ndipo penye kosa.

Mtu atasema: Kavumu hakuna barafu. Ni kweli, lakini baridi haihitaji barafu ili iue. Mwili wa mtu una joto la digrii 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, hatari imeanza. Nguo iliyolowa, upepo na tumbo tupu vinaweza kuufikisha hapo hata mahali ambapo maji hayajawahi kuganda. Mtoto mchanga na mzee ndio wanaotangulia.

Na mafunzo ya kule karibu yote yana njia yake hapa. Kwanza ni ardhi. Wanaolala kwenye barafu hutandika godoro jembamba, mara nyingi mawili, kabla ya mfuko wa kulalia, kwa sababu ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha. Hapa kuna majani makavu ya migomba: yatandikwe mengi, juu yake mkeka, na yabadilishwe yakilowa. Mwenye blanketi moja asijifunike juu tu huku mgongo ukigusa udongo.

Pili ni maji. Mtaro uchimbwe kuzunguka turubai kabla mvua haijanyesha. Kila mtu awe na nguo moja ya kulalia, hata iliyochakaa, isiyotoka nje kwenye mvua. Aliyelowa avuliwe kwanza, ndipo afunikwe.

Tatu ni moto. Mwaka 1934 amirali Richard Byrd wa Marekani, aliyekuwa peke yake katika kibanda huko Antaktika, aliponea chupuchupu kufa kwa hewa ya sumu iliyotokana na jiko lake na mashine yake. Hewa hiyo haina harufu. Mbabula ya makala ndani ya turubai iliyofungwa inatoa hewa ileile. Watu waote nje, mbabula ibaki nje, na watu ndio waingie ndani.

Nne ni mwili wenyewe. Chakula cha moto, hata uji mwepesi, kifae kabla ya kulala. Kanyanga inamdanganya mtu kwamba amepata joto, kumbe inalitoa. Mtoto mchanga awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, amefunikwa kichwa, na baba anaweza kumpokea mama zamu. Mtu anayetetemeka bado anapigana na baridi. Anayeacha kutetemeka ilhali mwili ni baridi, anayeongea kama mlevi, au mtoto anayekataa ziwa, huyo apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi.

Wengine watasema kwamba ugonjwa wa Kavumu ni vita, na dawa ni amani ili watu warudi kwao. Wana haki, na hakuna mtaro wa turubai unaochukua nafasi ya amani. Lakini amani inajadiliwa mbali, kwa miezi, na usiku unaingia kila siku saa kumi na mbili. Tena somo hili lisiwe kisingizio cha kupunguza misaada. Jamaa isiyo na blanketi haihitaji hotuba, inahitaji blanketi.

Kinachoombwa si kikubwa. Mashirika ya kiutu yanayogawa turubai yasimamishe moja mbele ya watu, yaonyeshe mtaro, majani na mahali pa mbabula. Wahamasishaji wa afya, wale wanaoitwa reko, wapite na somo hilo kanisani na shuleni wanakolala wakimbizi. Redio za jimbo zitoe dakika kumi jioni, kwa Kiswahili na kwa Mashi, kabla watu hawajalala. Na wazee waliochunga ng'ombe kwenye baridi ya milimani waitwe wafundishe, maana mengi ya haya waliyajua zamani.

Kule Antaktika mwanafunzi akikosea usiku wa mazoezi, mwalimu yuko karibu. Kavumu usiku wa kwanza ndio mtihani, na anayefeli mara nyingi ni mtoto.