AFYA YA MAMA: Tupime Kabla ya Kuhukumu

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya mambo ambayo wengi wetu huyasema kwa kunong'ona, au hatuyasemi kabisa: mkojo wa damu, muwasho na uchafu katika sehemu za siri, na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Tunayasema waziwazi kwa sababu huku kwetu Pemba tumeona ndoa zikitikisika kwa ugonjwa ambao mume hamletei mke, wala mke hamletei mume. Ugonjwa huo hutoka katika maji ya mto, nao ni kichocho.

Mama mmoja wa makamo, mkulima wa mpunga mwenye watoto watano, aliletwa kwetu na mzee wa kanisa. Kwa miaka miwili alikuwa akitokwa na uchafu, akisikia maumivu chini ya kitovu, na mara nyingine akiona matone ya damu baada ya kukutana na mumewe. Alikuwa amekwenda kutibiwa mara tatu. Mara zote tatu alipewa dawa za magonjwa ya zinaa na kuambiwa amlete mumewe. Mara ya kwanza mume alikwenda, akameza dawa. Mara ya pili alikwenda kwa hasira. Mara ya tatu hakwenda, alimwuliza mkewe, "Nani amekuletea haya?" Na mke naye alikuwa na swali lilo hilo moyoni mwake juu ya mume. Walipofika kwa mzee wa kanisa walikuwa hawali tena chakula pamoja.

Sisi tulimwuliza swali moja tu ambalo hakuwa ameulizwa: "Mama, tangu utotoni ulikuwa ukioga na kufua wapi?" Akajibu kwamba amekulia kando ya kijito, humo ndimo walimochota, walimofua na kuoga, na hata leo akitoka bondeni kulima huosha miguu na nguo zake humo humo. Alipopimwa mkojo, yalionekana mayai ya kichocho. Daktari alipomkagua mlango wa kizazi aliona mabaka ya manjano kama chembe za mchanga. Hayo ni makovu ya mayai yaliyonasa katika nyama ya mwili.

Kichocho ni nini?

Ni ugonjwa wa minyoo midogo sana inayokaa ndani ya mishipa ya damu. Mwaka 1851 daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliigundua minyoo hii alipokuwa akifanya kazi Cairo, na ndiyo maana wengine huuita ugonjwa huu bilihazia. Aina iliyoko Unguja na Pemba hushambulia njia ya mkojo na viungo vya uzazi.

Safari yake ni hii. Mgonjwa akikojoa mtoni, mayai hutoka na mkojo na kuanguliwa majini. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wa maji baridi. Baada ya wiki kadhaa konokono huyo hutoa vijidudu vingine vingi, hasa jua linapowaka, navyo huogelea vikitafuta mtu. Vikimpata hupenya ngozi yake kwa dakika chache tu, hata kama haina jeraha. Ndani ya mwili vinakuwa minyoo, dume na jike, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka. Mayai mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa katika kibofu, uke, mlango wa kizazi na mirija ya uzazi. Hayo yaliyonasa ndiyo yanayoleta vidonda na makovu.

Baharini hakuna kichocho, kwa sababu konokono huyo haishi katika maji ya chumvi. Wala mtu haambukizwi kwa kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja, au kukutana naye katika ndoa.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza yaweza kuwa katika ngozi. Watu wengine, muda mfupi baada ya kutoka mtoni, hupata muwasho na vipele vidogo mahali vijidudu vilipopenya. Wengi hupaka mafuta au dawa ya upele, na muwasho ukiisha hudhani wamepona. Dawa ya kupaka haiui kijidudu kilichokwisha kuingia mwilini. Lakini wengi, hasa sisi tuliokulia kando ya mito hii, hatuwashwi kabisa, na mgeni huyo huingia bila hodi.

Baada ya miezi miwili au mitatu huweza kufuata mkojo wa damu, hasa matone ya mwisho, pamoja na maumivu wakati wa kukojoa. Kwa mwanamke huweza kuongezeka muwasho na uchafu ukeni, maumivu chini ya kitovu, maumivu wakati wa tendo la ndoa na damu baada yake. Wengine hukosa kushika mimba, au mimba hutungwa nje ya mji wa mimba. Vidonda hivyo pia huweza kurahisisha kuingia kwa virusi vya UKIMWI.

Mtaona kwamba dalili hizi zafanana sana na za magonjwa ya zinaa. Hapo ndipo watu hukosea, waganga na wanandoa pia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa wanawake na wasichana wapatao milioni 56 wana kichocho cha sehemu za uzazi, wengi wao katika Afrika. Mwaka 2015 shirika hilo lilitoa kitabu kidogo cha picha ili waganga na wauguzi waweze kuyatambua mabaka hayo kwa macho.

Hatusemi kwamba magonjwa ya zinaa hayapo, wala kwamba mtu akatae kupimwa. Tunasema vipimwe vyote, na asihukumiwe mtu kabla ya majibu.

Kwa mama aliyepita miaka arobaini

Wako akina mama wanaosema, "Mimi siku hizi nina bomba uani, sijaingia mtoni miaka mingi." Tunawapongeza kwa bomba, lakini makovu ya zamani hayaondoki kwa kuhama mto. Minyoo huweza kuishi miaka mingi, na mayai hubaki katika nyama hata minyoo ikiisha kufa. Kichocho kilichoachwa miaka mingi huweza kuharibu kibofu na figo, na tangu mwaka 1994 minyoo hii imehesabiwa na wataalamu wa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani ya kibofu.

Tunaongeza onyo moja kubwa. Mama aliyekoma hedhi akitokwa damu tena, au mama ye yote akitokwa damu baada ya tendo la ndoa, asikae nyumbani akisema ni kichocho tu au ni uzee. Huenda ikawa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika. Aende akaguliwe upesi.

Kupima na kutibu

Wakati mzuri wa kutoa mkojo wa kupima kichocho ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu ndipo mayai hutoka kwa wingi. Toa mkojo wote, na yale matone ya mwisho yasimwagwe. Lakini kumbukeni: mayai yakiwa yamenasa katika kizazi, mkojo waweza kuonekana safi. Kwa hiyo dalili zikiendelea, omba ukaguliwe mlango wa kizazi, na mweleze mganga wazi kwamba umekulia mahali penye mto au bwawa. Asipouliza, mwambie wewe.

Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo huhesabiwa kwa uzito au kimo cha mtu. Msigawane vidonge majumbani. Ni vizuri kula kwanza, maana huweza kuleta kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya tumbo kwa muda mfupi. Dawa hii huua minyoo iliyokomaa, lakini haiui ile michanga, kwa hiyo huenda mkaambiwa mrudie baada ya wiki kadhaa. Tena haifuti makovu ya zamani, ndiyo sababu twasisitiza watoto watibiwe mapema.

Akina mama wengi wenye mimba au wanaonyonyesha huikimbia dawa hii wagawaji wanapopita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 wasema mwenye mimba aweza kutibiwa baada ya miezi mitatu ya kwanza, na anayenyonyesha pia aweza. Mwambie mhudumu hali yako, naye atakuongoza.

Jambo jingine: tusijitibu kwa kuingiza ukeni shabu, ndimu, sabuni wala dawa za kusafishia vidonda. Vitu hivi huchoma nyama laini, huongeza vidonda na kuficha dalili.

Kazi iliyofanyika, na iliyobaki kwetu

Hapa Visiwani kazi kubwa imefanyika. Kati ya mwaka 2012 na 2017 watu wa Unguja na Pemba waligawiwa dawa mara kwa mara, katika sehemu nyingine konokono waliuawa, na kwingine watu walifundishwa kubadili desturi. Ugonjwa ulipungua sana. Hata hivyo haukuisha, na kuanzia mwaka 2020 wataalamu, wakishirikiana na maabara ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake, waliendelea kuufuatilia kaskazini mwa kisiwa chetu.

Lakini dawa bila desturi mpya ni kama kuchota maji kwa pakacha. Sisi kina mama ndio tunaowatuma watoto mtoni na ndio tunaofua. Hivyo basi:

1. Tuwafundishe watoto wasikojoe mtoni wala bwawani, na kila nyumba iwe na choo.

2. Maji ya mto tukilazimika kuyatumia kwa kuogea, tuyachemshe, au tuyachuje yasiwe na konokono kisha tuyaweke katika chombo siku mbili.

3. Wagawaji wa dawa wakija shuleni au katika shehia, sote tujitokeze. Mto ni mmoja, nasi na majirani zetu Waislamu twachota pamoja. Akibaki mmoja bila kutibiwa, wote tunarudi nyuma.

4. Mtoto akikojoa damu, awe wa kiume au wa kike, tusiseme anakua. Tumpeleke hospitali.

Yule mama alimeza dawa, na baada ya miezi michache damu ilikoma. Maumivu yalipungua, ingawa hayakuisha yote. Mumewe alikuja kusikiliza maelezo, akakaa kimya kitambo, kisha akamwambia mkewe mbele yetu, "Nisamehe, mama watoto." Mke akamjibu, "Na mimi unisamehe, nilikufikiria vibaya." Nasi tulishukuru Mungu, huku tukisikitika kwa miaka miwili iliyopotea.

Katika Injili ya Marko sura ya 5 twasoma habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote kwa waganga. Alikuja kwa kujificha, akitetemeka. Bwana hakumwuliza ameipata wapi damu ile, bali alimwita binti mbele ya watu wote. Ndugu zetu, mwenzetu akituletea siri kama hii, tumpokee vivyo hivyo, kisha tumsindikize hadi kituo cha afya.

Mungu awabariki na kuzilinda nyumba zenu.