Land Rover ya mzee au gari la kompyuta? Hesabu ya msafirishaji wa Vudee

MVUA za masika zinapoanza kunyesha katika milima ya Upare, swali moja hurudi kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Vudee, wilayani Same: mzigo utashukaje? Maharage yaliyokauka yanaweza kusubiri ghalani. Ndizi na mboga haziwezi. Zikikaa siku tatu kando ya barabara yenye utelezi, mnunuzi wa Same hupanga bei anayotaka, au hageuki kabisa kuzitazama.

Kwa miaka mingi jibu la swali hilo lilikuwa Land Rover. Wapo wenye 109 za zamani, wapo wenye One Ten, na katika familia nyingi gari hilo limetoka kwa baba kwenda kwa mtoto kama shamba. Sasa vijana wanaorithi magari hayo wanashawishika kuyauza na kununua gari la kisasa kutoka Japani, lenye injini inayoendeshwa kwa kompyuta, kiyoyozi na kiti kisichoumiza mgongo. Wazee wanawaambia wasithubutu. Kila upande una hoja zake, lakini ni wachache wanaokaa chini na kalamu wakapiga hesabu.

Ubishi huu si wa Upare peke yake. Nchini Marekani wapenzi wa magari yenye injini kubwa na nguvu nyingi wamegawanyika hivyo hivyo. Wapo wanaong'ang'ania Ford Mustang na Pontiac GTO za mwaka 1964 na baadaye, magari ya kabureta ambayo mtu hulitengeneza nyumbani kwa spana. Wapo wanaotaka ya sasa, yenye kasi zaidi, breki bora na matumizi nafuu ya mafuta, ingawa yakiharibika fundi wa kawaida hawezi kuyagusa. Tofauti ni kwamba Mmarekani huyo hulitoa gari lake Jumapili kwa starehe. Msafirishaji wa Vudee hulitoa ili apate ada ya shule.

Gari lililozaliwa na uhaba

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948 katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, Uholanzi. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilitolewa kwa mgawo, hivyo kampuni ya Rover ikatengeneza bodi kwa aluminiamu. Uamuzi huo wa dhiki ndio umefanya bodi za magari hayo zidumu hadi leo, kwa sababu aluminiamu haili kutu kama bati la chuma. Chasisi yake, hata hivyo, ni ya chuma, na huko ndiko ugonjwa wa gari hili huanzia.

Yalifuata matoleo kadhaa. One Ten iliingia sokoni mwaka 1983, na mwaka 1990 ikapewa jina la Defender pamoja na injini ya dizeli ya 200Tdi. Mwaka 1994 ikaja 300Tdi, ambayo mafundi wengi huiona kuwa ya mwisho inayoweza kutengenezwa porini, kwani pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta. Mwaka 1998 ikaingia Td5 yenye udhibiti wa kielektroniki. Uzalishaji wa muundo huo ulisimama Januari 29, 2016 katika kiwanda cha Solihull, Uingereza. Defender mpya iliyotangazwa mwaka 2019 hutengenezwa Slovakia na haina chasisi ya kutenganishwa na bodi kama ya zamani. Kwa bei na ufundi wake, si gari la kubebea mikungu ya ndizi.

Kwa hiyo mtu wa Vudee anayesema anataka gari la kisasa kwa kawaida hazungumzii Defender mpya. Anazungumzia pikapu ya Japani iliyotumika, ya dizeli, yenye difu ya mbele na mfumo wa kisasa wa kupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa.

Nguvu na udhaifu wa kila moja

Sifa kubwa ya gari la zamani ni kwamba hitilafu zake zinaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Klachi ikianza kuteleza dereva anajua. Plagi, nozeli, filta na propela shafti fundi wa gereji ya mji mdogo anavifahamu. Vipuri vinapatikana Arusha, ambako magari ya aina hiyo yametumika katika utalii kwa muda mrefu, na katika maduka ya Dar es Salaam.

Udhaifu wake ni kwamba hitilafu hizo ni nyingi. Gari la miaka 35 halipumziki gereji. Leo rejeta, kesho breki, kesho kutwa gia boksi. Zaidi ya hapo, vipuri vingi vinavyouzwa kwa bei ya chini ni vya kuiga, na mtu hujikuta amenunua kifaa kimoja mara tatu kwa mwaka. Breki na mikanda ya usalama ya magari hayo pia haifikii ya magari mapya, jambo lisilo dogo katika barabara yenye kona na korongo.

Gari la kisasa lina sifa ya kutulia. Likitunzwa linaweza kwenda miezi mingi bila kudai zaidi ya oili na filta. Lakini siku likigoma, linagoma kweli. Kihisio kimoja kikifa, injini inaweza kupunguza nguvu yenyewe au kukataa kuwaka, na fundi asiye na kifaa cha kusoma hitilafu anabaki kubahatisha. Aidha, mfumo wake wa mafuta hauvumilii dizeli chafu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, hatua iliyosaidia. Hata hivyo, dizeli inayouzwa kwa madumu kando ya barabara haina mdhamini. Injini ya zamani hunywa dizeli hiyo na kukohoa. Ya kisasa inaweza kuua pampu na nozeli zote kwa pamoja.

Kalamu na karatasi

Hesabu ifuatayo ni mfano tu, na kila mwenye gari anapaswa kuweka tarakimu zake. Tuseme One Ten ya dizeli iliyo katika hali nzuri ina thamani ya Sh20 milioni na pikapu ya kisasa Sh45 milioni. Safari ya kwenda sokoni na kurudi ni kilomita 80 na magari yote mawili yanabeba mzigo ule ule. Ya zamani inakwenda kilomita 8 kwa lita na ya kisasa kilomita 10. Dizeli ichukuliwe kuwa Sh3,000 kwa lita. Matengenezo, kwa safari mbili za wiki, ni Sh300,000 kwa mwezi kwa gari la zamani na Sh120,000 kwa la kisasa. Fedha zilizofungwa katika gari zihesabiwe riba ya asilimia 15 kwa mwaka, maana zingeweza kufanya kazi nyingine. Gari la kisasa lipungue thamani kwa asilimia 10 kwa mwaka, la zamani libaki na bei yake.

Kwa safari 96 kwa mwaka, gari la zamani litagharimu Sh2,880,000 za mafuta, Sh3,600,000 za matengenezo na Sh3,000,000 za riba. Jumla ni Sh9,480,000, au Sh98,750 kwa safari. La kisasa litagharimu Sh2,304,000 za mafuta, Sh1,440,000 za matengenezo, Sh6,750,000 za riba na Sh4,500,000 za kushuka thamani. Jumla ni Sh14,994,000, sawa na takriban Sh156,000 kwa safari. Mzee ameshinda kwa zaidi ya Sh5.5 milioni.

Sasa safari ziongezwe mara mbili, ziwe 192. Mafuta na matengenezo yanaongezeka maradufu, lakini riba na kushuka kwa thamani vinabaki palepale. Gari la zamani linafikia Sh15,960,000 na la kisasa Sh18,738,000. Pengo limeshuka hadi Sh2,778,000.

Hapo bado hakujahesabiwa siku za kukwama. Ikiwa kila safari ambayo gari limeharibika njiani na mzigo ukakosa soko inaleta hasara ya Sh150,000, basi kwa mwenye safari 192 inatosha gari la zamani kuzidisha safari 19 mbovu, yaani karibu moja katika kila kumi, na faida yake yote imeyeyuka. Kwa mwenye safari 96, gari hilo lingehitaji kuharibika mara 37 zaidi ya la kisasa kabla ya kushindwa.

Funzo ni moja. Gari la zamani linamfaa mwenye safari chache, kwa sababu halimli anapolala. Gari la kisasa linamfaa mwenye mzigo wa uhakika mwaka mzima, kwa sababu gharama zake kubwa zinataka safari nyingi za kuzigawana. Mkulima anayekopa ili anunue gari la kisasa kisha akalisimamisha nje kusubiri mavuno amenunua deni lenye magurudumu.

Kodi nayo ina neno

Sera za kodi zimeongeza uzito upande mmoja na kuupunguza upande mwingine. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari na badala yake ikaongeza Sh40 katika kila lita ya mafuta. Kwa mwenye Land Rover inayofanya kazi msimu wa mavuno tu, hiyo ni nafuu: gari likisimama halidaiwi. Kwa mwenye gari linalokunywa sana na kutembea kila siku, ni mzigo, na mwaka 2023 ikaongezwa Sh100 nyingine kwa lita.

Anayeagiza gari lililotumika kutoka nje hukutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, tozo ya uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa na VAT ya asilimia 18. Bei inayoonekana katika tangazo la Japani si bei ya kulitoa gari bandarini. Wengi wameishiwa fedha gari likiwa tayari limefika Dar es Salaam.

Kabla ya kuuza cha mzee

Jambo la mwisho linahusu bei. Tangu uzalishaji wa muundo wa zamani uliposimama mwaka 2016, Defender zilizotunzwa zimekuwa zikitafutwa na wapenzi wa magari Ulaya na Marekani. Oktoba 2024 Arusha ilikusanya mamia ya Land Rover katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo. Hiyo haina maana kwamba kila kopo lililoegeshwa chini ya mwembe ni dhahabu. Ina maana kwamba anayekuja na fedha taslimu akidai ananunua chuma chakavu huenda anajua jambo ambalo muuzaji halijui.

Kwa hiyo kabla ya kuuza, mwenye gari agonge chasisi kwa nyundo ndogo akisikiliza sehemu zilizooza, ahakikishe namba ya chasisi na ya injini zinalingana na kadi ya gari, na aulize bei Arusha na Moshi, si kwa mnunuzi mmoja tu. Kama gari ni la urithi, ndugu wote wakubaliane kwa maandishi.

Wale ambao hakuna hata mmoja wao anayefikisha safari nne kwa wiki wanaweza kuungana watano au sita, kupitia SACCOS au kikundi chao, wakamiliki gari moja la kisasa lenye kazi kila siku, na Land Rover ya mzee ikabaki akiba ya siku za utelezi. Kwa mtindo huo kila gari linafanya kazi linayoiweza, na ndizi za Vudee zinafika Same zikiwa bado ndizi.