Setilaiti Si Kipimajoto, Jamani!

Haya wasomaji, leo kuna jambo linanikera. Juzi tulikutana watengenezaji programu katikati ya jiji, na kijana mmoja akatuonyesha ramani aliyoiunda: bonyeza Mlima Kenya, upate joto la barafu yake hadi nukta ya desimali. Alisema data ni ya maikrowevu kutoka setilaiti. Ukumbi ukampigia makofi. Mimi sikupiga.

Sibezi sayansi yenyewe. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi ya maikrowevu, hata barafu. Setilaiti ya Ulaya iitwayo SMOS, iliyorushwa Novemba 2009, iliundwa kunasa mawimbi ya gigahazi 1.4. Kwenye barafu kavu, mawimbi hayo hutoka mamia ya mita chini, na wanasayansi wameyatumia kukadiria joto la ndani ya barafu ya Antaktika. Lakini ni kukadiria: nguvu ya mawimbi hutegemea joto na pia hali ya kitu chenyewe. Theluji ikilowa kidogo tu, hesabu yote inageuka.

Sasa njoo kwetu. Pikseli ya SMOS ina upana wa kilomita 40 hivi. Itandaze kutoka KICC kuelekea magharibi, itameza Westlands, Lavington, Kawangware na Kangemi, na kuipita hata Kikuyu. Je, ungekubali namba moja iwe joto la mabati ya Kawangware na la miti ya Lavington? Barafu ya Lewis pale Mlima Kenya ilikuwa na kilomita mraba 0.1 hivi mwaka 2010. Ndani ya pikseli hiyo ni sehemu moja kwa 16,000. Kinachosomwa pale ni msitu, nyasi na mawe.

"Afadhali namba yoyote kuliko kukosa," jirani yangu alininong'oneza. La hasha! Tunajua Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010 kwa sababu watu walipanda mlima, wakachora ramani na kupiga vigingi kwenye barafu. Mwenye bajeti akiamini ramani ya yule kijana, kesho atauliza kwa nini awalipe watu hao.

Ndugu yangu, kazi yako inapendeza. Ondoa desimali, andika upana wa pikseli, na pasipojulikana acha peupe. Programu isiyoweza kusema "sijui" itatudanganya tu.

Anayepinga, karibu tubishane.