Gari la Dizeli Lipimwe Injini Ikiwa Baridi

Mnunuzi mwenye fedha kidogo aletewapo stesheni wagoni ya dizeli iliyokwisha tumika, aghalabu hutazama rangi na mita ya kilomita. Hilo ni kosa: rangi hupakwa upya, na mita hurudishwa nyuma. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda, katika injini nyingi za zamani zaidi ya mara 20, hata ikapata joto la kuwasha mafuta. Ringi za pistoni zikilika mgandamizo hupungua, na udhaifu huo hujitokeza injini ikiwa baridi. Basi muuzaji anayeipasha moto kabla ya mteja kufika hana budi kutiliwa shaka. Afadhali kurudi kesho yake alfajiri. Moshi wa buluu usiokoma ni dalili ya oili kuungua.

Toyota zenye injini ya 2C ya lita 2, zilizoingia kwa wingi kutoka Japani, zina mkanda wa mpira unaozungusha kemshafti pamoja na pampu ya dizeli. Ukikatika, vali huweza kugongana na pistoni. Gharama ya mkanda mpya na ya fundi itengwe kabla ya kupatana bei, kwani hati ya kuonyesha ulibadilishwa lini ni nadra kupatikana.