Badilisheni shokapu, acheni kuinua magari

Dereva wa gari dogo anayetoka Goma kwenda Masisi ana jibu moja kwa kila kasoro: barabara. Mguu wa mbele unagonga, barabara. Tairi limelika upande mmoja, barabara. Abiria ameshuka Sake ameshika kiuno, barabara. Ni mbaya kweli, na mtu wa Mushaki au wa Nyabiondo hahitaji kuambiwa na gazeti. Lakini njia hiyo hiyo inapitiwa na Probox mbili za umri mmoja, moja inapiga kelele tangu inapotoka Goma, nyingine imetulia. Tofauti yao iko chini ya gari, na kila fundi anaijua.

Tazama tunachofanya. Gari likianza kulala nyuma, mwenye gari anamwambia fundi aliinue. Fundi anasokota vipande vya mpira katikati ya springi, au anaweka kikombe cha chuma juu ya mguu, au anafunga springi nzito iliyotoka kwenye gari jingine kabisa. Gari linasimama juu, tajiri anafurahi. Shokapu zilizovuja mafuta, zile tunazoziita amotisere, zimebaki palepale.

Springi kazi yake ni kubeba uzito. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kuruka baada ya shimo. Ukifunga springi ngumu juu ya shokapu iliyokufa, gari litaruka zaidi ya mwanzo. Tairi linaacha ardhi, na tairi lililo hewani halishiki breki wala halikati kona. Anayeshuka mlima wa Mushaki kuelekea Sake na watu sita ndani, utelezi chini ya magurudumu, afikirie hilo kabla ya kusifu urefu wa gari lake.

Kuinua nako kuna mpaka. Kwa magari yetu mengi madogo, yanayovutwa na magurudumu ya mbele, sentimita mbili au tatu zinatosha. Ukizidisha, viungo vya ekseli vinafanya kazi vimepinda, mpira unaovifunika unachanika, grisi inatoka na matope yanaingia. Shokapu nayo inakuwa imeshavutwa karibu na mwisho wake, kwa hiyo kila gurudumu likiangukia shimoni, chuma kinagonga chuma. Mpira wa breki unakaza. Na gari lililopanda juu linalala zaidi kwenye kona. Yote hayo tunayalipia, halafu tunalaumu barabara.

Dawa inajulikana, na ina mpangilio wake.

Anza na vitu vidogo: bushi, bolijointi, na mipira ya juu ya miguu. Kufunga shokapu mpya juu ya bushi zilizooza ni sawa na kuezeka mabati mapya juu ya boriti zilizoliwa na mchwa. Bushi ni kati ya spea za bei ndogo huko chini, na ndiyo inayoahirishwa kila mara.

Kisha nunua shokapu mpya, mbili kwa mara moja, kushoto na kulia. Moja mpya na moja kuukuu zinalifanya gari livute upande. Ziwe za namba ya gari lako hasa. Kibati cha gari kitakuambia kama Probox yako ni NCP51 au nyingine. Usikubali neno la muuzaji kwamba "zinalingana". Kwa njia zetu chagua za gesi. Shokapu ya mafuta matupu ikipigwa na mawe saa nzima inapata moto, mafuta yanatoka povu, nguvu inapotea. Gesi inayazuia mafuta yasitoke povu upesi.

KYB ya Japani, ambayo inavitengenezea viwanda vya magari vyenyewe, Monroe na Sachs ni majina yanayoaminika. Ndiyo maana yanaigwa pia. Boksi lenye maandishi yaliyofifia, bei iliyo nusu ya duka la jirani, muuzaji asiyetaka kuandika risiti: hizo ni dalili tatu, na moja inatosha kukuondoa dukani.

Springi zije baadaye, na kwa anayebeba mizigo kweli tu. Achukue zilizotengenezwa kwa modeli yake, nzito kidogo kuliko za kiwandani, pamoja na shokapu zinazoziweza. Mwisho apime magurudumu yakae sawa, na atie upepo ule ulioandikwa kwenye mlango wa dereva. Asiyepima atakula tairi jipya kabla msimu wa mvua haujaisha.

Tunajua jibu: pesa hakuna, basi tununue zilizotumika. Bushi iliyotumika ni upuuzi. Shokapu iliyotumika ni upuuzi mkubwa zaidi. Mihuri yake ilishachoka kwenye barabara za watu wengine, na hakuna jicho linaloona ndani yake. Unalipa leo, unalipa tena baada ya miezi michache, na katikati umenunua tairi na bolijointi. Jumlisha risiti zako za mwaka mmoja, kama unazo, uone kama ulikuwa unaokoa.

Januari 2025 benki za Goma zilifungwa na uwanja wa ndege pia. Spea zikawa zinakuja kwa malori kupita mipaka, na dola zikawa ngumu kupatikana. Hiyo ndiyo sababu ya kutonunua kitu kimoja mara tatu.

Kuna jambo lingine ambalo shokapu ya bei yoyote haiwezi kulitibu, nalo ni mzigo. Probox ya mizigo, iliyotoka kiwandani Japani kuanzia 2002, ilipimwa kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili. Yaani magunia manne ya viazi ya kilo 100, dereva na mwenzake, basi. Sisi tunapakia magunia, tunaongeza jibini, tunakalisha watu wanne nyuma, na mmoja ameshikilia godoro juu ya paa. Halafu tunamuuliza fundi kwa nini springi imekatika.

Na tuseme ukweli kuhusu Walikale. Kupita Nyabiondo kuelekea msituni, wakati wa mvua, gari dogo halina kazi huko hata likivishwa shokapu za dhahabu. Liache mahali salama, upande pikipiki au lori. Watu wenye pesa walilijua hilo zamani. Kwa miaka mingi madini ya bati ya mgodi wa Bisie, hukohuko Walikale, yalisafirishwa kwa ndege hadi Goma, na ndege hizo zilitua Kilambo, juu ya lami ya barabara yenyewe. Walipoona hapapitiki kwa gurudumu, walileta mabawa. Mwenye viazi na maharage hana mabawa, anaitegemea barabara.

Kwa hiyo wanaokusanya pesa njiani nao wasijifiche nyuma ya gari letu bovu. Mfuko wa kutunza barabara, FONER, ulianzishwa 2008 ili ushuru wa mafuta na wa barabarani urudi kwenye barabara. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji walihesabu karibu vizuizi 800 katika Kivu zote mbili, na vingi vilikuwa vinadai pesa kwa kila anayepita. Yeyote anayeshika kamba ya kizuizi leo, wa rangi yoyote ya sare, aanze na jambo dogo: mifereji. Barabara ya udongo inaharibiwa na maji yaliyokosa pa kwenda, na mfereji unachimbwa kwa jembe na koleo, bila mkandarasi kutoka Kinshasa.

Wewe mwenye gari, usingoje mfereji huo. Leo jioni bonyeza kona ya gari lako kwa nguvu, uachie. Likipanda mara moja na kutulia, endelea kukagua kama kuna mafuta yanayovuja. Likicheza mara mbili au tatu, shokapu hiyo imekwisha. Peleka gari gereji, sema unataka bushi na shokapu mbili mpya za namba ya gari lako. Fundi akikuambia alipandishe juu kwanza, tafuta fundi mwingine.